Uliitwa Kazi Tao Ukapata Semina? Hivi Ndivyo Sheria Inatofautisha Biashara na Piramidi

Unaijua hiyo meseji. "Niaje, bado unatafuta kazi? Kuna mahali wanaandika watu. Kuja kesho saa tatu, vaa poa, ubebe kitambulisho." Unafika tao, unapanda ngazi mpaka orofa ya nne, na badala ya mtu wa kukuhoji unapata viti vya plastiki vimejaa wasee wa rika lako, projekta imemulika ukuta, na jamaa wa suti anauliza kwa sauti: "Nani hapa amechoka kuishi kwa kukopa?" Wote mnainua mkono.

Kufikia saa sita umeelewa hakuna mshahara. Kuna ada ya kujiunga, kuna paketi ya bidhaa ya kuanzia, na kuna mchoro wa miduara kwa ubao: wewe juu, watu sita chini yako, na kila mmoja wao na watu wake sita. Unaambiwa uamue leo leo kwa sababu nafasi zinaisha.

Ukirudi kwa keja unaanza kuuliza watu. Aliyekuleta anakuapia kila kitu ni halali, kampuni imesajiliwa, hata cheti kiko. Binamu yako anakuambia zote ni za kuosha watu, hepa mapema. Hakuna kati yao amekujibu. Kuna biashara za aina hii zinazokubalika kisheria kwa nchi nyingi sana duniani, na kuna zingine ambazo wenyewe wakishikwa wanapelekwa kortini. Kwa macho zinafanana: semina ni ile ile, suti ni ile ile, hata makofi ni yale yale. Tofauti kubwa iko kwa swali moja, na ukilishika hakuna mtu atakuzungusha: pesa unayolipwa inatoka kwa nani?

Twende polepole.

Hii biashara ilianza wapi

Uuzaji wa moja kwa moja ni pale muuzaji anakuletea bidhaa ulipo, badala ya wewe kwenda dukani. Ulipo inaweza kuwa nyumbani, ofisini, kwa chama, ama siku hizi inboksi yako. Yule dada anayepita ofisini mwisho wa mwezi na kitabu cha picha za lipstiki na manukato anafanya hiyo. Jamaa wa sufuria anayekubali ulipe pole pole anafanya hiyo. Hakuna ukora hapo.

Mmoja wa walioifanya ikawa kubwa alikuwa David McConnell, Mmarekani aliyekuwa akiuza vitabu mlango kwa mlango. Aliona akina mama wanafurahia manukato ya bure aliyokuwa akiwapa kuliko vitabu vyenyewe. Mwaka 1886 akafungua kampuni ya manukato New York, ile ambayo baadaye ilikuja kuitwa Avon, na kazi ya kuuza akawapa wanawake. Kumbuka hao ni wanawake ambao katiba ya nchi yao haikuwalinda kupiga kura mpaka 1920. Kazi ya kujipatia doo yako mwenyewe ukiwa mtaani kwako ilikuwa kitu kubwa.

Mfumo wa wakati huo ulikuwa rahisi. Unachukua mzigo kwa bei ya chini, unauza kwa bei ya juu, faida ni yako. Hiyo ni ngazi moja.

Miaka ya 1940, kampuni ya vitamini inaitwa Nutrilite ikaanza kuuzwa kwa mpango mpya: ukimwandika muuzaji mwingine, unapata asilimia fulani ya mauzo yake pia. Vijana wawili waliokuwa wakiuza Nutrilite, Rich DeVos na Jay Van Andel, wakaanzisha Amway mwaka 1959 wakitumia mpango huo huo. Hiyo ndiyo tunaita biashara ya mtandao, na hapa mtandao si intaneti. Ni mtandao wa watu.

Leo hii si kitu kidogo. WFDSA, shirikisho la dunia la vyama vya kampuni hizi, linahesabu mauzo ya zaidi ya dola bilioni 160 kwa mwaka na wauzaji zaidi ya milioni 100. Hapa Kenya umesikia majina kama GNLD, ambayo siku hizi ni NeoLife, Forever Living, Tiens na Oriflame. Hata shirika la afya la Living Goods, lililoanza 2007 na linafanya kazi Uganda na Kenya, lilichukua wazo kutoka kwa Avon: wahudumu wa afya wa kijijini wanapita nyumba kwa nyumba na dawa za malaria na za kuhara.

Kwa nini inakubalika sana huku kwetu? Sababu unazijua. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi zilizo nje ya ukulima mdogo ni za jua kali, kwa hivyo mtu akikuambia "jiajiri" hakuambii kitu kigeni. M-Pesa ilikuja 2007 na ikafanya kulipana kuwe kwa dakika. Kila mtu ako na WhatsApp, kwa hivyo duka lako ni simu yako. Na sisi ni watu wa vyama na makanisa, tunaaminiana haraka. Hizo vitu nne zinasaidia muuzaji wa ukweli. Pia zinasaidia mwizi.

Mahali sheria inakata

Sasa cheki mifano miwili.

Kampuni ya kwanza: unamuuzia Mama Kevo cream ya shilingi 2,000. Unapata 500. Mama Kevo hayuko kwa timu yako, hajui hata mkutano wenu uko siku gani. Alitaka cream, akanunua cream.

Kampuni ya pili: unamleta Kevo mwenyewe. Kevo analipa 5,000 kujiunga. Unapata 500 papo hapo. Kevo amepewa chupa mbili za kitu ambacho hajui atamuuzia nani, na tayari anaambiwa alete watu wake.

Kwa zote mbili umepata 500. Lakini ya kwanza imetoka kwa mtu aliyetaka bidhaa, na ya pili imetoka kwa mfuko wa mtu anayetafuta kazi kama wewe. Ya kwanza inaweza kuendelea miaka mia. Ya pili lazima ife, na ikifa inawaangukia walioingia mwisho.

Huo ndio mstari ambao sheria za nchi nyingi zimechora. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliueleza vizuri mwaka 1975 kwenye kesi ya kampuni ya vipodozi iliyoitwa Koscot. Ilisema hivi kwa ufupi: mfumo ni piramidi kama mtu analipa ili apate haki ya kuuza, na pia apate haki ya kulipwa kwa kuleta wengine, na hayo malipo hayahusiani na bidhaa kufika kwa mtumiaji wa mwisho. Usisahau hayo maneno, mtumiaji wa mwisho. Ndiyo roho ya hii stori yote.

Amway nayo ilishtakiwa na hiyo hiyo tume. Uamuzi ulitoka 1979, na Amway ikaonekana si piramidi. Mbona? Kwa sababu ilikuwa na masharti matatu yaliyofanya kazi. Moja, muuzaji akiondoka, bidhaa zake zinanunuliwa tena. Mbili, huwezi kupata bonasi ya mwezi kama hujauza angalau asilimia 70 ya mzigo ulionunua. Tatu, lazima uonyeshe umeuzia wateja wa rejareja wasiopungua 10 kwa mwezi. Kwa lugha ya mtaa: hakuna kujaza stoki chini ya kitanda ili uitwe Almasi.

Lakini kuna kitu watu wa semina hawakuambiagi. Kwa uamuzi huo huo, Amway ilipatikana na makosa ya kupanga bei na ya kuongeza chumvi kuhusu mapato ambayo wauzaji wangepata. Kwa hivyo mtu akikuambia "korti ilisema tuko sawa", muulize korti ilisema nini kingine.

Tuje karibu kidogo. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake wa malipo Marekani, ili bonasi zifuate mauzo yanayoweza kuthibitishwa kwa wateja wa kweli. FTC haikutumia neno piramidi kwenye ile kesi, lakini ujumbe ulikuwa wazi: kuwa na bidhaa peke yake hakukuokoi. Unaweza kuwa na sabuni, vitamini na cheti cha ukutani, na bado pesa inazunguka ndani ya grupu tu.

Hesabu ya darasa la nane

Huhitaji wakili kujua kwa nini kuleta watu peke yake hakuwezi kulipa wote. Chukua kalkuleta ya simu.

Wewe mmoja unaleta watu 6. Hao 6 kila mmoja analeta 6, wanakuwa 36. Halafu 216. Halafu 1,296. Halafu 7,776. Halafu 46,656. Halafu 279,936. Halafu 1,679,616. Halafu 10,077,696. Hapo umefika ngazi ya tisa chini yako. Ya kumi inahitaji watu 60,466,176.

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, pamoja na watoto wachanga na shosho wako wa ocha. Yaani kabla ufike ngazi ya kumi, Kenya imeisha.

Na angalia vizuri: kwa kila hatua, walio chini kabisa ni wengi kuliko wote walio juu yao wakijumlishwa. Kwa hivyo mfumo wa kuleta watu ukisimama, na lazima usimame, wengi wa waliomo hawana mtu chini yao. Huwa si kwa sababu hawakuamka mapema ama hawakuwa na "akili ya tajiri". Ni hesabu.

Ndiyo sababu serikali zinaingilia. Albania, nchi ndogo ya Ulaya, ilijifunza kwa uchungu. Kufikia 1997, karibu thuluthi mbili ya wananchi walikuwa wameweka pesa kwa mipango ya kuzungusha pesa. Ilipoanguka, watu waliingia barabarani, silaha zikaporwa kambini, serikali ikaondoka, na karibu watu 2,000 wakafa.

Sisi tulikuwa na yetu. Mwaka 2006 na 2007 piramidi zilijaa nchi hii, na wengi wanakumbuka jina la DECI. Kikosi kazi kilichoongozwa na mwanasiasa Francis Nyenze baadaye kilihesabu zaidi ya watu 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Uliza mathe ama anko wako, kuna uwezekano mkubwa anamjua mtu aliyelia.

Nchi zingine zimefanya nini

Kila nchi imechagua njia yake. China ilipiga marufuku biashara yote ya aina hii mwaka 1998 baada ya ulaghai kuzidi, halafu 2005 ikafungua mlango kidogo: kampuni lazima iwe na leseni, na muuzaji analipwa kwa mauzo yake mwenyewe, si ya watu aliowaleta. Malaysia imekuwa na sheria maalum tangu 1993, na bila leseni huuzi. India ilitoa kanuni zake Desemba 2021 na kupiga marufuku piramidi zinazojificha nyuma ya bidhaa. Afrika Kusini iliweka marufuku ya piramidi moja kwa moja ndani ya sheria yake ya kulinda watumiaji ya 2008.

Kenya hatuna sheria moja iliyoandikwa kwa ajili ya biashara hii peke yake. Tuko na vipande vipande, na lazima uviunganishe mwenyewe. Hivi hapa.

Kipande cha kwanza: haki yako kama mnunuzi

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora, haki ya kupewa habari unayohitaji, na haki ya fidia ukipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na hapo kuna kitu wengi hawajui.

Ile sheria inatambua mkataba uliofanywa ana kwa ana mahali ambapo si duka la muuzaji, kwa mfano sebuleni kwako. Kwa mkataba kama huo wenye thamani inayofika kiwango kilichowekwa, unafaa kupewa nakala ya maandishi, na uko na siku 10 baada ya kuipata kubadilisha nia na kughairi, bila kutoa sababu yoyote. Hakuna "lakini ulisaini". Kama ulinunua kichujio cha maji cha maelfu kwa sababu jamaa alikaa kwa kiti chako masaa mawili akikataa kwenda, sheria inajua vile hiyo huendaga, na imekupa nafasi ya kupumua.

Na kama ulidanganywa kuhusu bidhaa, mfano uliambiwa inatibu kitu ambacho haitibu, sheria inakuruhusu kuvunja mkataba ndani ya mwaka mmoja. Sheria ya Ushindani ya 2010 pia inakataza matangazo ya uongo, na ofisi ya kupeleka malalamiko ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Kipande cha pili: bidhaa yenyewe

KEBS inaangalia ubora. Bidhaa ya hapa ikiwa na alama ya KEBS, kuna nambari chini ya hiyo alama. Unatuma SM# ikifuatwa na hiyo nambari kwenda 20023, na unajibiwa kama ni ya ukweli. Ni sekunde 30.

Kwa mambo ya afya, Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo yenye neno. Na hapa nataka usome pole pole kama wewe ndiye muuzaji. Sheria ya Kenya kuhusu vyakula na dawa inakataza kutangazia umma kwamba chakula ama dawa fulani inaponya magonjwa mazito yaliyoorodheshwa. Ukiweka kwa WhatsApp kwamba chai yako ya majani "inamaliza sukari kabisa", hujarudia tu maneno ya semina. Umetangaza wewe, kwa jina lako na nambari yako. Kampuni itasema haikukutuma. Na anti wa kanisani akiacha dawa zake za hospitali kwa sababu alikuamini, hiyo si hasara ya shilingi tena.

Kipande cha tatu: pesa

Sheria ya Benki inasema hakuna mtu anaruhusiwa kukusanya amana kutoka kwa umma bila leseni. Mtu akikuambia "weka 10,000, baada ya mwezi upate 15,000", huyo hauzi kitu. Anachukua amana, na leseni yake inafaa kutoka Benki Kuu. Akiita uwekezaji, basi ni swali la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Zile programu za simu za "fanya kazi ndogo upate doo" zinazotaka ulipe kwanza ziko kwa kapu hili, hata zikijiita biashara ya mtandao.

Sasa rudi kwa kile cheti cha ukutani. Kusajili kampuni unafanya kwa eCitizen. Cheti kinaonyesha tu kwamba kampuni iko na jina lake limeandikwa. Hakisemi serikali imekagua mfumo wa malipo, wala hakisemi pesa yako iko salama. Kuna kampuni nyingi za ukora zilizosajiliwa vizuri sana. Usajili una faida moja kwako: unaweza kulipia upekuzi uone wakurugenzi ni akina nani, na kama kweli wako.

Shimo liko wapi

Umeona vile vipande vyote vinamtazama mnunuzi? Hapo ndipo kijana wa semina anaachwa kwa mataa.

Siku unajaza ile fomu ya kujiunga, karatasi mara nyingi inakuita "mwakilishi huru" ama "msambazaji". Si mfanyakazi, kwa hivyo hakuna mshahara wa chini, hakuna likizo, hakuna barua ya kufutwa. Na ukitaka kutumia zile siku 10 kurudisha paketi ya kuanzia, kampuni inaweza kubisha kwamba wewe si mtumiaji, wewe ni mfanyabiashara uliyenunua stoki. Unaweza kupigana na hiyo hoja, lakini tayari uko vitani badala ya kuwa na jibu wazi. Nchi yenye sheria maalum ingekuwa imeandika: muuzaji akiondoka, mzigo unarudi hivi, pesa inarudi hivi, kwa siku kadhaa.

Kuna kitu cha kujaza hilo shimo kidogo. Kanuni za maadili za WFDSA zinataka kampuni wanachama zikubali kununua tena bidhaa ambazo bado zinauzika, zilizonunuliwa ndani ya miezi 12, kwa bei uliyonunua ukitoa gharama isiyozidi asilimia 10. Hiyo ni ahadi ya kampuni zenyewe, si sheria ya Kenya. Lakini ni swali zuri la kuuliza, na jibu linakuonyesha rangi ya mtu: "Nikitoka, mnachukua mzigo wangu? Iko wapi kwa mkataba?"

Na hata ikiwa halali, inalipa?

Halali na yenye faida ni vitu viwili. Septemba 2024 wafanyakazi wa FTC walichapisha ripoti baada ya kusoma taarifa za mapato za kampuni 70 za biashara ya mtandao Marekani, zilizotolewa na kampuni zenyewe. Kwa taarifa hizo, wengi wa waliojiunga walipata dola 1,000 ama chini kwa mwaka. Hiyo ni chini ya dola 84 kwa mwezi, kitu kama shilingi 11,000. Kwa kampuni zisizopungua 17, wengi hawakupata hata shilingi. Na taarifa nyingi hazikuwa zimetoa gharama.

Gharama ndiyo hula watu. Tuseme umenunua paketi ya 15,000 ambayo ukiuza yote unapata 20,000. Faida ni 5,000. Nauli ya 200 kwa siku, siku 15, ni 3,000. Bando ya mwezi ni 1,000. Mkutano wa Jumamosi, kiingilio 500, mara mbili. Hesabu imeisha: 5,000 imeingia, 5,000 imetoka, na hiyo ni kama mzigo wote umeisha na hakuna mtu amekopa akazima simu.

Halafu kuna ile sharti ya kununua kila mwezi ili "ubaki hai" kwenye mfumo. Ukinunua bidhaa usizohitaji ili tu bonasi isipotee, wewe ndiye umekuwa mteja. Ukiona timu yote inafanya hivyo na hakuna Mama Kevo hata mmoja nje, ujue rada: pesa inazunguka ndani.

Kuna watu wanaishi na hii kazi, na si uongo. Ukiwaangalia vizuri utaona wengi wao wako na wateja wanaorudi, wanajua nani anatumia sabuni gani na inaisha lini. Wanauza. Hiyo ni kazi kama zingine, ngumu na ya kweli.

Maswali ya kuuliza kabla utoe simu ulipe

Uliza haya ukiwa bado umeketi, na usikilize vile mtu anajibu kuliko vile anatabasamu.

Nikimleta mtu na asiuze chochote, mimi nalipwa? Kama jibu ni ndiyo, inuka.

Mtu asiye mwanachama ananunua hii bidhaa kwa bei hii? Tembea supermaketi, linganisha. Kama ya kwenu ni mara tatu na tofauti ni maneno tu, utauzia nani?

Lazima ninunue kila mwezi? Kiasi gani?

Naweza kubeba mkataba nikausome nyumbani? Biashara ya ukweli itakuwa hapo hata Jumatatu ijayo. "Leo tu" ni lugha ya mtu anayejua ukifika nyumbani utafikiria.

Nionyeshe mapato ya watu wote, si ya yule mmoja wa gari. Picha ya gari si taarifa ya hesabu.

Na kama tayari umeingia? Acha kununua kwanza. Andika barua ama barua pepe ya kutoka, na uweke tarehe. Weka risiti na meseji zote za M-Pesa, usifute grupu kwa hasira, chukua picha za kioo za kile uliahidiwa. Ukikataliwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021. Inasikiza madai mpaka shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Kwa mtu aliyepoteza 15,000, hiyo ndiyo korti yako.

Kitu cha mwisho ni kuhusu simu yako. Wakikuambia utengeneze orodha ya watu 100 unaowajua, watakuambia uanze na wale wanakupenda, kwa sababu hao hawakatai haraka. Kabla uandike jina la kwanza, jiulize kama ungemuuzia huyo mtu hiyo bidhaa hata kama hangewahi kujiunga chini yako. Kama ndiyo, mpigie. Kama la, muache na elfu zake tano, atazihitaji kwa rent.